Nilivyonyolewa na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja Guangzhou, huku China, jambo la kwanza alilofanya ni kunihamisha nyumbani kwangu. Sikuwa na kosa lolote. Kwao, kule bara milimani, mama wa mke na mume wa bintiye hawalali chini ya dari moja, hawali sahani moja, wala hawapeani mikono. Wanaheshimiana mpaka wanakaribia kutojuana. Kwetu Mombasa mkwe anaheshimiwa pia, lakini angalau anaachiwa kitanda chake. Nyumba yetu ya mtaa wa Xiaobei ina chumba kimoja na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagonga jokofu, kwa hiyo mmoja wetu alikuwa hana budi kutoka, na mimi ndiye niliyekuwa na ofisi. Nikachukua mto, shuka na mswaki, nikahamia huko ofisini, kwenye jengo la Tianxiu, kulala katikati ya maboksi ya viatu vya watoto ninavyosafirisha.

"Siku kumi tu," mke wangu aliniambia mlangoni, akinikabidhi mto kama mtu anayemkabidhi mgeni koti lake.

"Na kodi nalipa mimi," nikasema.

"Ndiyo maana tunakushukuru."

Hata chakula, yeye alikula jikoni na binti yake, mimi nikala sebuleni, na mazungumzo yetu yote yalipitia mlango ulioachwa wazi kidogo tu, kiasi cha kupita sauti. Ukitaka kujua adabu ni kitu gani, jaribu kuomba chumvi kwa namna hiyo.

Hakuja kutalii. Serikali ya kaunti yao ilikuwa imetangaza ruzuku kwa wafugaji wa kondoo wa sufi na wa mbuzi wa angora, wale wenye singa ndefu zinazong'aa. Kwa kila kilo ya sufi au ya singa itakayopimwa kwenye stoo ya kikundi, kaunti itaongeza pesa juu ya bei ya mnunuzi. Lakini serikali haitoi kitu bila sharti. Kikundi kiwe na mashine za kunyolea, si ile mikasi ya zamani inayomkwaruza mnyama na kuikata sufi vipande vipande, na siku ya ukaguzi afisa mifugo azione zikinyoa kwa macho yake mwenyewe. Kikundi kikishindwa siku hiyo, nafasi inapewa kikundi cha bonde la pili. Mama mkwe alikuwa mwenyekiti, kikundi cha wanawake tupu, na hilo bonde la pili alilitaja kama watu wanavyomtaja mke mwenza.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo. Miaka mingi sufi yao ilikuwa haina bei. Ilirundikwa stoo ikaoza, au ikajaziwa mito. Wanawake walikuwa wamechoka kufuga kondoo ambao sufi yao inaliwa na wadudu, na mnunuzi wa nyama alikuwa akipita na lori lake kila wiki akiwaita kwa majina. Wengi walitaka kuuza wote wapande viazi. Mama mkwe ndiye aliyewazuia. Aliwaambia wangoje msimu mmoja wa ruzuku, na wakiikosa, kondoo wake yeye ndio watakaotangulia kuuzwa. Alikuwa nao sita. Mume wake alifariki zamani, watoto wametawanyika, na wale sita ndio waliokuwa wakimwamsha asubuhi.

"Mama," nikamwambia kutoka upande wangu wa mlango, siku ile ya kwanza, "si ungenipigia simu tu? Mimi ndiye mtu wa bei hapa. Ningekununulia, nikakutumia, wewe umetulia kwako."

"Wewe?" sauti ikatoka jikoni. "Wewe kondoo unamjua akiwa juu ya pilau."

Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa.

"Na wewe samaki unamjua akiwa wapi, Mama?"

"Mimi samaki simjui kabisa. Ndiyo maana hujaniona nikinunua nyavu."

Haya, nikala ugali wangu.

Kesho yake tukatoka watatu kwenda dukani. Mke wangu alitembea katikati yetu kama polisi kati ya mashabiki wa mpira. Tukapita kwa muuza nyama, Mchina Mwislamu ninayenunua kwake kila Ijumaa, kondoo wametundikwa nje wamechunwa. Mama mkwe akasimama. Akamtazama mmoja, akamzunguka, akamgusa bega.

"Huyu alikuwa mzee," akasema. "Muulize sufi yake imeenda wapi."

Nikamuuliza. Muuza nyama akanitazama kama niliyeuliza njia ya kwenda mwezini. Akasema ngozi wanazichukua watu, na sufi hajui.

"Nchi nzima ya viwanda," mama mkwe akasema tukiondoka, "na mtu hajui sufi imeenda wapi. Halafu sisi ndio tunaambiwa hatujaendelea."

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jengo la vifaa vya saluni. Mbele wameweka mashine za kunyolea watu, nyuma yake za mbwa, na nyuma kabisa, karibu na choo, za kondoo. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anatafuna mbegu za tikiti. Hapa kila mwenye duka unamwita laoban, yaani bosi, hata kama duka lake ni meza. Huyu laoban na mama mkwe walielewana kabla sijafungua mdomo. Laoban aliiwasha mashine, mama mkwe akaiweka sikioni akaisikiliza ngurumo yake. Akapitisha ukucha kwenye kitana chake cha chuma. Akaipima kwa mkono. Akatoa mfukoni fungu la sufi alilolileta kutoka nyumbani, akalibana kati ya vidole, mashine ikapita humo bila hata kukohoa.

"Hii," akasema. "Nne."

Pesa za kikundi zilikuwa zinatosha mashine nne kwa bei aliyoitaja laoban, na zibaki kidogo za soda. Mtu mwenye akili timamu angelipa akaenda zake. Lakini jamani, mimi ni mtu wa Mombasa, nina miaka mingi katika mji huu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mama mkwe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu akinitazama kazini. Ningelipa bei ya kwanza? Mimi?

Nikaanza. Nikasema ni ghali mno. Nikashika moyo. Nikamwambia laoban kwamba duka la chini wanauza nusu, ingawa duka la chini wanauza kucha za bandia. Nikaondoka mara mbili, na mara ya pili nilifika hadi kwenye ngazi kabla hajaniita. Laoban akashusha, nami nikakaza.

"Baba," mama mkwe akasema, maana ndivyo anavyoniita, "si imetosha? Huyu mama naye ana watoto."

"Mama, niachie mimi. Hii ndiyo kazi yangu."

Nikataja bei ya mwisho, bei ya aibu. Laoban hakubisha tena. Aliteremsha miwani, akanitazama kwa muda, akatema ganda la mbegu, akasema sawa, mzigo utatoka stoo, mtaletewa kesho. Ningekuwa na akili ningeogopa kunyamaza kwake kule. Nilivyokuwa mimi, nilitoka pale nimetanua kifua, na njia nzima nikawa ninamsimulia mke wangu kwa sauti ya kusikika nilivyomkamua yule mama.

Pesa iliyookolewa haikulala. Mchana ule ule mama mkwe alinunua mizani ya kuning'iniza na magunia ya kufungia sufi, vitu ambavyo kikundi kilikuwa kikiviota. Alilipa papo kwa papo, akawapigia wenzake. Kupitia mlango wa jikoni nilimsikia akiwaambia kwamba mkwe wake ni simba wa bei. Nilimwomba mke wangu anitafsirie mara mbili, ati sikusikia vizuri.

Mashine zililetwa ofisini kesho yake, maboksi manne yenye gundi mpya. Niliyapanga karibu na mto wangu. Nilikuwa nimeshainama kufunga kiatu niende kula ndipo nikalihisi jambo. Nililibeba boksi moja, nikaliweka chini, nikalibeba tena. Mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, mikono yake inajua hesabu kabla ya kichwa. Boksi lilikuwa jepesi.

Nikafungua. Rangi ni ile ile, nembo ile ile, waya ule ule. Nikaiwasha, ikalia. Lakini ililia kwa sauti nyembamba, kama mtoto anayejifanya mgonjwa asiende shule. Sufi ya kujaribia sikuwa nayo. Kondoo Tianxiu hawapandi lifti. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha, na wakati ule nywele zangu zilikuwa nyingi, nzito, za kipilipili, hazijaona kinyozi tangu mwezi mtukufu. Nikasema, bismillahi, nywele ni nywele.

Lahaula! Mashine iliingia juu ya sikio, ikatembea upana wa vidole vitatu, ikauma, ikasimama, ikaanza kupata moto. Nikiivuta inakuja na kichwa. Nilizunguka ile ofisi mashine inaning'inia kichwani kama hereni, nikitafuta mkasi, na jirani yangu wa mlango wa pili, Mkongo anayeuza mawigi, akachungulia, akaniangalia, akasema "pardon" kwa adabu, akafunga mlango. Nilijikata kwa kisu cha kufungulia maboksi. Nikaachwa na upara mmoja wa pembe nne na vijisingasinga vimesimama katikati yake. Nikazijaribu zile tatu kwenye nywele zilizobaki, safari hii kwa tahadhari. Zote ni kilio kimoja.

Nikavaa kofia.

Nilijua kilichotokea, na hapa sitamsingizia mtu. Katika mji huu ukiikamua bei kupita kiasi hupati punguzo, unapata kitu kingine chenye sura ile ile. Kila mgeni tunamfundisha hivyo siku anayoshuka. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu kwa pesa. Na nikaenda kulifanya kosa hilo kwa sababu mama wa mke wangu alikuwa ananitazama.

Siku tatu sikusema. Nilikwenda kula na kofia, nikarudi na kofia. Siku ya kwanza mke wangu alidhani nimeongeza ibada, akafurahi. Siku ya pili akaniuliza kama kichwa kinaniuma. Huku shetani naye ananishauri vizuri kabisa: siku ya ukaguzi si afisa anataka kuona kondoo wawili watatu tu? Labda mashine itawamaliza hao kabla haijachoka. Labda sufi si kama nywele. Labda afisa atachelewa, mvua itanyesha, chai itapoa. Mtu akitaka kujidanganya haishiwi na labda.

Siku ya tatu nilikuwa sebuleni na sahani yangu, na yeye jikoni anazungumza na simu na wanawake wake. Kilugha chao ninakisikia kidogo, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilielewa kwamba mnunuzi wa nyama alikuwa amepita tena na mmoja wao alikuwa amemwonyesha kondoo wake wawili, karibu amuuzie. Mama mkwe hakumkaripia. Alimwambia, "Usiuze. Mashine nimezishika kwa mikono yangu. Usiuze, ngoja nije." Akarudia lile neno usiuze kama mara nne, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mimi ni mfanyabiashara, nimeona aibu nyingi.

Nikaweka sahani chini, nikaenda nikasimama katikati ya ule mlango, mahali ambapo kwa adabu zao sikutakiwa kusimama, nikavua kofia.

Mke wangu kashika mwiko hewani. Mama mkwe akatazama ule upara wa pembe nne, akatazama vile visinga, na mimi naona kabisa macho yake yanafanya hesabu, maana yule ni mtu aliyenyoa maelfu.

"Ni mashine?" akauliza.

"Ni mashine, Mama. Zote nne. Ni mimi na mdomo wangu. Niliikamua bei mpaka yule mama akatupa za kufanana."

Akaketi kwenye kigoda. Nikadhani analia, mabega yanatikisika. Kumbe anacheka! Alicheka akajipiga mapaja, akafuta machozi kwa upindo wa leso, akatazama tena kichwa changu, akaanza upya. "Ningeleta kondoo mwenye kichwa hicho kwenye maonyesho ya kaunti," alisema akihema, "wangenifunga." Halafu kicheko kikaisha ghafla, kama bomba lililofungwa. Akauliza siku zimebaki ngapi kabla ya ndege yake. Mke wangu akamwambia tatu.

"Basi vaa viatu," akaniambia. "Twende tukalipe bei ya kweli."

Laoban hakushangaa kutuona sote watatu. Nilianza kumwambia maneno makali niliyoyapanga njiani, naye akainua kiganja. "Wewe ulitaka bei ile," akasema taratibu ili nielewe kila neno, "nami nikakupa mashine ya bei ile. Yeye," akamwonyesha mama mkwe kwa kidevu, "alichagua mashine nyingine." Tungefika kwa msuluhishi yeyote wa mji huu, ningeshindwa. Akakubali kuzichukua zile mbovu na kutupa zile nzuri, tukiongeza tofauti, na tofauti ilikuwa ile ile niliyojisifu nayo njia nzima.

"Kwanza nione inanyoa," mama mkwe akasema. "Fungu la sufi mkononi si kitu. Nataka kitu kilichoota kwenye ngozi."

Wanawake watatu wakageuka wakanitazama.

"Mama," mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "huyu ni mkweo."

Mama mkwe alikaa akifikiri. Nilimwona kweli anataabika, hakuwa akitania. Mwanamke yule katika miaka tisa ya ndoa yetu hajawahi kunigusa hata ncha ya kidole. Siku ya harusi zawadi yangu aliipokelea juu ya kiti: mimi niliiweka, nikarudi nyuma, yeye akaja akaichukua. Akaangalia mashine, akaangalia lile jengo lote la vioo na mashine za saluni, pengine akiwatafuta wazee wake kama wamo.

"Mkwe siwezi kumshika kichwa," akasema mwishowe. "Kondoo naweza. Kaa chini, baba. Kwa dakika tano wewe ni kondoo."

Nikakaa kwenye kigoda cha laoban. Akatandaza leso yake mabegani mwangu. Kisha nikahisi mkono wake, mgumu, mkavu, wenye sugu za jembe, ukanishika chini ya kidevu ukageuza kichwa changu upande, bila haraka na bila kuomba ruhusa. Goti lake likaniegemeza mgongo nisiyumbe. Mashine ikanguruma, ngurumo nzito ya kweli, ikapita kutoka kisogoni hadi kwenye paji la uso kwa mfululizo mmoja, na nywele zikaanguka kwenye leso kwa pamoja kama kipande cha zulia. Alikuwa akininong'oneza kitu, maneno yale anayowaambia wanyama wake watulie. Wallahi nilitulia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo sijawahi kugeuzwa kichwa na mkono wa mama. Sikuwa nimejua kwamba jambo hilo nalikosa mpaka siku ile, mbele ya choo cha jengo la saluni, laoban anatafuna mbegu zake anatazama.

Alipomaliza akaipapasa ile kazi mara moja, akasema, "Inanyoa," akakunja leso, akarudi hatua tatu zake za adabu. Laoban akapiga makofi.

Ikabaki tofauti. Pesa za kikundi zilikuwa zimeisha kwenye mizani na magunia, na kule vilikonunuliwa hawarudishi kitu. Nikatoa simu nilipe, kwani kosa ni la nani? Pesa yenyewe kwangu haikuwa ya kunikosesha usingizi. Huwa napoteza zaidi ya hiyo kwenye mzigo mmoja wa viatu vya soli mbovu ukishapita bandari ya Huangpu. Mama mkwe akakataa katakata.

"Kikundi chetu kiliwahi kununuliwa kinu cha unga na mkwe wa katibu," akasema. "Leo kinu kiko uani kwa katibu, na wanachama wanalipa kusaga. Wewe ukitia mkono hapa, kesho mashine ni za mkwe wa mwenyekiti. Hapana, baba. Ya kikundi italipwa na kikundi."

"Mama, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

Akatoka nje kwenye korido, akapiga simu. Kupitia kioo nilimwona anazungumza, ananyamaza, anazungumza tena, mkono mmoja kiunoni. Aliporudi alisema wamekubali kuongeza. Kesho yake asubuhi pesa iliingia kwenye simu ya binti yake, kamili, hata gharama ya kubadilisha fedha imehesabiwa. Nikamtania kwamba kikundi chao ni tajiri kuliko Tianxiu nzima, nami nitahamia kule niwe karani wao. Akasema karani mwenye kichwa kama yai watamchekea.

Akaondoka na mashine zake kwenye begi, magunia kwenye begi la pili, mizani kaikumbatia. Uwanja wa ndege aliniaga kwa kuinamisha kichwa, kwa mbali, mikono nyuma.

Siku ya ukaguzi tulikaa sebuleni, mimi na mke wangu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya maji. Kule ilikuwa asubuhi yenye ukungu, na binti wa jirani ndiye aliyetushikia kamera. Afisa mifugo alikuwa na kofia ya kaunti na faili kwapani. Jenereta likawashwa. Mama mkwe akashika mashine ya kwanza, akaletewa kondoo, akamkalisha kitako, na kabla afisa hajamaliza kuvaa miwani sufi yote ilikuwa chini kwa kipande kimoja. Akaletewa wa pili, wa tatu, kisha mbuzi wa angora mwenye kiburi, naye akatoka amevuliwa. Zile mashine nyingine tatu zikanguruma mikononi mwa wenzake. Afisa akaandika, akaandika, akafunga faili. Wakapita! Wanawake walipiga vigelegele mpaka simu ikawa inakwaruza. Mimi nilikuwa nimeshasimama juu ya kochi.

Wakaanza kupima sufi ya ruzuku, kila mwanachama na gunia lake, kwa orodha, na orodha inaanza na mwenyekiti. Afisa akaita. Mama mkwe akamwambia apige mstari, aende kwa anayefuata. Afisa akauliza mwenyekiti ana kilo ngapi. Akasema hana. Kamera ikamfuata akienda kando, nyuma yake zizi lake, mlango wa zizi uko wazi na majani yameanza kuota pale wanyama walipokuwa wakisimama.

"Mama," mke wangu akasema, "kondoo wako wako wapi?"

"Walilipia ile tofauti."

"Si ulisema kikundi kimekubali kuongeza?"

"Kwani mimi si mwanakikundi?"

Mke wangu akafunika mdomo. Nikainyakua simu. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, ni kifua changu cha pale dukani, kwamba ule mchezo wangu wa kwenda hadi ngazini na kurudi uliwala kondoo sita. Nilichoweza kutoa ni, "Mama, mimi ndiye niliyewauza."

"Sikiliza," akasema, na kwa mara ya kwanza akanitazama moja kwa moja, uso wake umejaa skrini nzima, visinga vya sufi vimeshika kwenye nyusi. "Ungenyamaza na kofia yako, leo lori la nyama lingebeba kondoo wa kila mtu. Limebeba wangu tu. Niliwaambia wangu watatangulia, nao wametangulia. Sasa acha kulia huko, unamtia binti yangu kilio." Kule nyuma mtu akamwita, akageuka akaitika. "Niacheni," akasema. "Kondoo wa watu wananingoja."